Lee Petty: Aliyegeuza banda la kuhifadhia mashine ya kuvunia kuwa kampuni ya familia

WENGI wetu tukisikia mbio za magari tunafikiria anasa ya matajiri, vijana wenye haraka na fedha za kuchezea. Kwa Lee Petty haikuwa hivyo. Kwake mbio zilikuwa kazi ya kulisha mke na watoto wawili, na aliianza mwaka 1949 akiwa na miaka 35, umri ambao hakuna anayetegemea mtu aanze mchezo wowote. Miaka kumi baadaye alikuwa bingwa mara tatu, na banda la nyumbani kwake lilikuwa limekuwa karakana ya timu ambayo baadaye ilipata ushindi 268, kwa jina la familia na kwa mikono ya familia.

Naandika habari zake katika ukurasa huu wa biashara na kilimo kwa sababu ndiko zinakostahili. Waandishi wa michezo wameandika mengi kuhusu kasi ya magari yake. Mimi kilichonivutia ni hesabu zake.

Lee Arnold Petty alizaliwa Machi 14, 1914, karibu na mji mdogo wa Randleman, katika jimbo la North Carolina kusini mashariki mwa Marekani. Aliishi kitongoji cha jirani kiitwacho Level Cross, sehemu ya mashamba, barabara za vumbi na viwanda vya nguo. Alimuoa Elizabeth Toomes, wakapata watoto wawili wa kiume: Richard aliyezaliwa mwaka 1937 na Maurice aliyezaliwa 1939. Kabla ya mbio, Lee alihangaika na biashara ya malori. Maisha yalikuwa ya kawaida kwa sehemu ile: hawakulala njaa, lakini akiba haikuwepo.

Mbio za magari ya kawaida, yaani yale yale yanayouzwa dukani, zilikuwa na sifa mbaya kidogo wakati huo. Sehemu ya madereva wake walijifunza kukimbiza gari usiku milimani wakisafirisha gongo na kuwakwepa polisi. Gari la msafirisha gongo lilifungwa injini kali na springi ngumu ili lisionekane limelemewa na mzigo. Mwenye gari kali akikutana na mwenzake, ubishi ulianza, na ubishi ukazaa mashindano kwenye viwanja vya udongo. Mapromota wengi walikusanya viingilio, kisha wakatoroka na fedha kabla madereva hawajalipwa. Ndipo Desemba 1947 mfanyabiashara mmoja, Bill France, aliwakusanya wenzake katika hoteli moja mjini Daytona Beach, Florida. Februari 1948 kikasajiliwa chama cha NASCAR chenye kanuni moja, zawadi zinazojulikana na pointi za msimu mzima.

Hapa nisimame kidogo. Ukitaka kujua kwa nini mtu makini kama Petty aliingia mwaka 1949 na si miaka kumi kabla, jibu ni hilo. Bila soko lenye mizani ya kuaminika, mwenye familia haweki mtaji wake.

Juni 19, 1949, NASCAR iliandaa mashindano ya kwanza ya magari mapya ya kawaida mjini Charlotte: mizunguko 200 katika uwanja wa udongo, karibu kilometa 240, na dola 2,000 kwa mshindi. Lee hakuwa na gari la kufaa. Akaazima Buick Roadmaster ya mwaka 1946, gari kubwa la kutembelea, akaiendesha yeye mwenyewe kutoka nyumbani hadi uwanjani, familia ikiwa ndani. Mbio zikiendelea, gari likamshinda kwenye kona, likabiringika. Yeye alitoka na mikwaruzo tu. Buick ya watu ilikuwa imekwisha, na familia ikarudi nyumbani kwa kuomba lifti.

Siku hiyo hiyo ilitoa somo jingine. Aliyetangulia kufika, Glenn Dunaway, alinyimwa ushindi kwa sababu springi za nyuma za gari lake zilikuwa zimebadilishwa kwa mtindo wa wasafirisha gongo. Ushindi akapewa Jim Roper wa Kansas. Mwenye gari la Dunaway alikwenda mahakamani akashindwa. Kuanzia hapo ilijulikana kuwa kitabu cha kanuni kina nguvu, na naona Lee alikisoma vizuri kuliko wengi, kwani maisha yake yote ya mbio alikuwa mwepesi wa kudai haki yake kwa waamuzi.

Mtu mwingine angeacha. Lee alirudi nyumbani akakaa na tatizo lake kama anavyofanya mkulima ambaye mazao yamemfia shambani: mbegu ilikuwa mbaya au shamba? Aliona kosa lilikuwa gari. Buick ilikuwa nzito mno, na gari zito hula matairi, hunywa mafuta na hukataa kona. Akatafuta Plymouth ndogo yenye injini ya silinda sita, gari ambalo wenye mbio zao walilidharau. Haikuwa na mbio kwenye mstari ulionyooka, lakini kwenye udongo uliochimbika ilipita kona bila tabu na ilifika mwisho wakati magari makubwa yamesimama pembeni yakitoa moshi. Oktoba 2, 1949, katika uwanja wa Heidelberg karibu na Pittsburgh, Plymouth hiyo ilimpa ushindi wake wa kwanza. Msimu ulipofungwa alikuwa wa pili kwa pointi, nyuma ya Red Byron.

Karakana ilikuwa lile banda lililohifadhia mashine ya kuvunia nafaka. Sakafu ilikuwa ya udongo. Fundi mkuu alikuwa yeye. Wasaidizi walikuwa watoto wake, na baadaye kidogo binamu yao, Dale Inman, vijana waliofungua boliti na kuosha vipuri kabla hawajamaliza shule. Mishahara haikuwepo ya kuzungumzia. Katika hesabu za uchumi tunaita hiyo nguvukazi ya familia, na hatari yake inajulikana: kwa kuwa hailipwi, mwenye biashara huiona ya bure, akadhani anapata faida kumbe anakula jasho la wanawe. Petty hakuwa mwema kupita wengine katika hilo. Alikuwa baba mkali, mchache wa maneno, na dola ilipoingia mkononi mwake haikutoka kirahisi.

Kosa lake kubwa la mwanzo alilifanya mwaka 1950. Alishiriki mbio zisizotambuliwa na NASCAR, bila shaka kwa sababu zilikuwa na fedha, na chama kikamnyang'anya pointi zaidi ya 800. Alimaliza msimu akiwa wa tatu. Ukizirudisha pointi zile katika hesabu, ubingwa wa mwaka ule ulikuwa wake. Ulikwenda kwa Bill Rexford. Kwa zawadi ya siku moja alipoteza taji la msimu mzima, na halikurudi mpaka mwaka 1954.

Sasa tazama takwimu zake, maana ndizo zinazomweleza mtu huyu kuliko sifa. Katika mbio 427 alizoanza ngazi ya juu ya NASCAR alishinda 54. Alimaliza ndani ya kumi bora mara 332, karibu mara nane katika kila kumi. Lakini kuanza mbele kwa kuwa na kasi kubwa kwenye majaribio, alifanya hivyo mara 18 tu. Maana yake ni kwamba hakuwa dereva mwenye kasi kuliko wote. Alikuwa dereva aliyefika. Kuanzia mwaka 1949 hadi 1959, misimu 11 mfululizo, hakuwahi kutoka ndani ya tano bora za pointi. Mwaka 1960 alikuwa wa sita.

Na kufika kulikuwa na thamani ya fedha. Gari lililovunjika kwenye mzunguko wa kumi halikuleta zawadi, na lilihitaji injini nyingine kabla ya Jumapili ijayo. Gari lililomaliza la nne lilileta zawadi ya kununua matairi, pointi za mwisho wa msimu, na lilirudi nyumbani likiwa zima. Wenzake walikimbia ili wawe wa kwanza. Lee alikimbia ili wiki ijayo aweze kukimbia tena.

Mwaka 1955 alikuja tajiri wa kweli. Carl Kiekhaefer, mwenye kiwanda cha injini za boti, aliingia na kundi la magari ya Chrysler, mafundi wa kulipwa na malori ya kubebea magari. Alichukua ubingwa wa mwaka 1955 na Tim Flock, na wa 1956 na Buck Baker. Katika msimu huo wa pili magari yake yalishinda mbio 16 mfululizo, mpaka watazamaji wakaanza kumzomea. Kisha akafunga virago akaondoka. Mwaka 1957 viwanda vya magari navyo vilikubaliana kujitoa kwenye mbio, na timu nyingi zilizoegemea fedha zao zikayumba. Petty, aliyekuwa wa tatu na kisha wa nne katika miaka ya Kiekhaefer, alikuwa bado yupo bandani kwake, sasa akiendesha Oldsmobile. Alichukua ubingwa mwaka 1958 na tena 1959, akawa mtu wa kwanza kuutwaa mara tatu.

Mwanawe Richard alikuwa amemwomba kuendesha akiwa na miaka 18. Baba alikataa akamwambia asubiri atimize 21. Julai 2, 1958, Richard alitimiza, na siku kumi baadaye alikuwa kwenye mbio zake za kwanza huko Columbia, South Carolina. Julai 18 walikwenda pamoja Toronto, Canada, katika uwanja mdogo sana. Lee alikuwa akifukuzana na Cotton Owens kuwania uongozi, na mbele yao akawepo kijana aliyekuwa nyuma kwa mizunguko, anazuia njia. Kijana alikuwa Richard. Lee alimgonga akamsukuma pembeni, Richard akaishia ukutani, baba akaenda kushinda.

Februari 22, 1959, Bill France alifungua uwanja mpya wa Daytona: lami, karibu kilometa nne kwa mzunguko, kona zilizoinuliwa kwa nyuzi 31, mizunguko 200. Magari 59 yalianza. Baada ya maili 500 magari matatu yalivuka mstari yakiwa sambamba: Oldsmobile ya Lee Petty, Ford Thunderbird ya Johnny Beauchamp, na gari la Joe Weatherly lililokuwa nyuma kwa mzunguko mmoja lakini likaziba macho ya waamuzi. Hakukuwa na kamera ya mstari wa mwisho. Beauchamp akatangazwa mshindi, akapigwa picha na kombe.

Lee hakukubali. Picha za wapiga picha wa magazeti zilikusanywa, na mwishowe mkanda wa filamu ya habari ukaonyeshwa. Baada ya saa 61, siku ya Jumatano, France alibadilisha uamuzi: Petty alitangulia kwa urefu mdogo wa mbele ya gari. Dola 19,050 zikaenda Level Cross. Linganisha na zile 2,000 za Charlotte miaka kumi nyuma, uone soko lilivyokuwa limepanuka. Naye France hakupoteza kitu. Siku tatu nzima Marekani ilikuwa ikijadili uwanja wake mpya bila yeye kulipia tangazo.

Lakini tukio ambalo watu hawajamsamehe Lee ni la Juni 14 mwaka huo huo, uwanja wa Lakewood mjini Atlanta. Richard alipata bendera ya ushindi. Ulikuwa ushindi wake wa kwanza, akashangilia kama kijana yeyote wa miaka 21. Kisha ikaja habari kwamba kuna rufaa, na aliyekata rufaa ni baba yake. Lee alidai amepunjwa mzunguko mmoja. Siku zile mizunguko ilihesabiwa kwa mkono kwenye kadi, na makosa yalikuwa mengi. Kadi zikapitiwa. Ikaonekana Lee alikuwa sahihi, akapewa ushindi, na mwanawe akashushwa nafasi ya pili.

Nimelifikiria sana jambo hili. Nimewahi kuona biashara ya familia ikifa kwa sababu baba hakutaka kumwambia mwanawe kwamba hesabu za duka hazilingani, na kwa upande huo nakubaliana na Lee: mzunguko uliokimbiwa uandikwe, hata kama anayeumia ni mtoto wako. Lakini sidhani kila kilicho haki ni lazima kidaiwe siku ile ile, mbele ya umati, kwa kijana ambaye bado ana bendera mkononi. Richard mwenyewe hakuonyesha kinyongo. Mwisho wa msimu ule alitajwa dereva bora kati ya wapya, na Februari 28, 1960, mjini Charlotte, alipata ushindi wake wa kwanza ambao haukupingwa na mtu. Aliyekuwa akiongoza ni Rex White. Mizunguko ikielekea ukingoni, gari moja lilimgonga White kutoka nyuma likamwondoa njiani, Richard akapita. Lilikuwa gari la Lee.

Februari 24, 1961, yote yalibadilika kwa siku moja. Katika mbio fupi za kufuzu pale Daytona, Richard aliruka na gari juu ya uzio wa chuma akatoka nje ya uwanja, akaumia kidogo. Katika mbio ya pili ya siku ile, Lee na Johnny Beauchamp, yule yule wa mwaka 1959, waligongana na wote wawili wakapaa juu ya uzio. Lee alitolewa akiwa hali mbaya: mapafu yametobolewa, mifupa imevunjika, mguu umeharibika. Alilazwa miezi minne.

Hapo ndipo ilipojulikana alichokuwa amejenga. Magari yalikuwa yameharibika, mwenye biashara kitandani, na walioachwa na karakana ni Richard wa miaka 23, Maurice wa 21 na binamu yao Dale. Hawakufunga. Walijua kila kazi kwa sababu kila kazi walikuwa wameifanya. Richard aliendesha, Maurice, aliyeugua polio utotoni, akawa fundi wa injini, na Dale akasimamia gari na watu. Lee aliporudi aliendesha mara chache tu, ya mwisho mwaka 1964 pale Watkins Glen, kisha akakaa upande wa usimamizi. Mwaka ule ule Richard alichukua ubingwa wake wa kwanza. Mwaka 1967 alishinda mbio 27 kati ya 48, kumi kati ya hizo mfululizo, na ndio mwaka alioipita rekodi ya baba yake ya ushindi 54. Akamaliza na 200 na ubingwa mara saba, wa mwisho mwaka 1979. Lee alihamia polepole kwenye mchezo wa gofu, akaucheza kwa ukali ule ule.

Sitaki msomaji afikiri kwamba kampuni ilikwenda hivyo milele. Rangi ya buluu ya Petty, inayosimuliwa kuwa ilitokana na kuchanganya mabaki ya rangi wakati hawakuwa na ya kutosha gari zima, mwaka 1972 ililazimika kugawana bodi na nyekundu ya mdhamini, kampuni ya STP. Mwaka 1983 gari la Richard lilishinda Charlotte likiwa na injini kubwa kuliko kanuni, wakatozwa faini ya dola 35,000, na Richard akaondoka kwenye timu ya nyumbani kwa misimu miwili. Ushindi wake wa 200, Julai 4, 1984, aliupata kwenye gari la mtu mwingine. Wakati huo timu mpya zilikuwa zikikua zikiwa na magari matatu na manne kila moja. Gharama ya injini, ya wahandisi na ya majaribio ikigawanywa kwa magari manne inabebeka. Ikibebwa na moja au mawili inaua. Na timu nyingi zilikusanyika karibu na Charlotte, mafundi wakihama kutoka moja kwenda nyingine bila kuhama nyumba, wakati Level Cross ilikuwa mbali na huko. Ushindi wa mwisho wa Petty Enterprises ulikuwa wa John Andretti pale Martinsville, Aprili 1999.

Lee aliushuhudia mporomoko huo akiwa mzee. Aprili 2, 2000, kitukuu wa kwanza wa ukoo huo kuingia mbio za ngazi ya juu, Adam Petty, mwana wa Kyle mwana wa Richard, aliendesha pale Texas. Kizazi cha nne. Lee alikuwa hospitalini Greensboro, na siku tatu baadaye, Aprili 5, alifariki akiwa na miaka 86. Mei 12 mwaka huo huo Adam naye alifariki katika mazoezi kwenye uwanja wa New Hampshire, akiwa na miaka 19.

Mwaka 2008 familia iliuza sehemu kubwa ya hisa kwa kampuni ya uwekezaji na shughuli zikahama Level Cross. Mwanzoni mwa 2009 timu iliunganishwa na nyingine, na mwaka 2023 jina la Petty likaondolewa kabisa kwenye mlango wa timu iliyorithi mabaki yake, ingawa gari namba 43 liliendelea kukimbia. Banda la mashine ya kuvunia halikuuzwa. Liko pale pale Level Cross, sehemu ya makumbusho ya familia.